Mgonjwa akiruhusiwa wakati wa janga, nani anampokea? Naomba uzoefu wenu

Muuguzi_Mratibu

Habari zenu wana jukwaa. Swali langu ni refu, nawaomba mnivumilie, maana nimelibeba miaka kadhaa.

Mimi ni muuguzi. Nilikaa wodini miaka 14. Korona ilipoingia nikatolewa huko nikapewa kazi ya uratibu: kuhakikisha idara ya dharura, wahudumu wanaowafuata wagonjwa majumbani, na wenzetu wa utengamao (wanaomsaidia mgonjwa arudishe nguvu na shughuli zake) wanakwenda pamoja. Nilipewa meza, simu moja na daftari. Kila upande ulikuwa na mkuu wake, fomu zake na kikao chake cha asubuhi. Mimi nilikuwa katikati yao na sikuwa na amri juu ya yeyote.

Sasa nimeambiwa niandike mpango wa eneo letu kwa ajili ya janga lijalo. Nimepewa wiki 6. Nimeanza mara tatu na mara zote tatu nimefuta, kwa sababu kila nikiandika "timu zitashirikiana kwa ukaribu" ananijia mzee mmoja.

Alikuwa seremala, ana miaka 61, ana kisukari. Alilazwa siku ya 6 tangu aanze kukohoa, akawekewa oksijeni, akapata nafuu. Ijumaa jioni wodi imejaa, watu wamelala kwenye machela ukumbini wakisubiri kitanda. Daktari wa zamu akampima, oksijeni ya damu asilimia 94 bila msaada wa mashine, akamruhusu. Sikuulaumu uamuzi ule siku ile, na leo pia siulaumu. Karatasi yake ikawekwa kwenye trei ya timu ya majumbani. Timu ya majumbani haikuwa na zamu Jumamosi wala Jumapili. Jumatatu asubuhi trei ile ilikuwa na karatasi zaidi ya 40. Mhudumu alipiga hodi kwake Jumanne saa nne asubuhi, akamkuta ameketi kitini, anazungumza vizuri, anamkaribisha ndani. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikasoma 79. Mke wake akasema tangu Jumapili midomo ilikuwa imebadilika rangi, ila mwenyewe alikuwa anasema hajambo, ni uchovu tu.

Alifariki njiani akirudishwa hospitali.

Wengi wenu mnaujua ugonjwa ule ulivyokuwa. Oksijeni inashuka kimyakimya, mtu hahisi kubanwa pumzi mpaka mambo yameharibika. Nimezipitia siku zile nne mara nyingi sana na sijapata wa kumnyooshea kidole. Waliokuwa dharura walifanya kazi yao. Wahudumu wa majumbani walifanya yao, tena kwa miguu. Lakini kuanzia alipotoka mlango wa wodi mpaka pale hodi ilipopigwa, hakukuwa na mtu hata mmoja duniani ambaye kazi yake ilikuwa kujua anaendeleaje. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Kwetu kila nahodha alikuwa kwenye chombo chake, na abiria yuko majini katikati.

Basi swali langu ni hili. Katika maeneo yenu, mgonjwa alipotoka upande mmoja kwenda mwingine, nani alibaki na jina lake? Namaanisha mtu, si idara. Na mliwezaje kuwafanya wakuu watatu wenye shughuli zao wakubali orodha moja? Nawaombeni sana msinitumie miongozo, ninayo rundo zima hapa. Nataka mlichokifanya kwa mikono yenu, hata kama kilishindikana.

---

Daktari_Dharura

Pole sana dada. Nilikuwa kwenye idara ya dharura mawimbi yote matatu, na nina wagonjwa wangu wa namna hiyo ambao siwasahau.

Nijibu kwa kile kilichobadilika kwetu baada ya wimbi la kwanza. Tulikubaliana kwamba karatasi haipokei mgonjwa. Mgonjwa anapokewa na mtu aliyesema kwa mdomo wake "nimempokea". Kabla ya kuruhusu, daktari au muuguzi anapiga simu kwa anayepokea, anamweleza kwa dakika mbili, na anaandika kwenye faili jina la aliyepokea na saa. Simu isipopokelewa, mgonjwa bado ni wetu hata kama ameshafika kwake. Hilo la mwisho ndilo lililotugusa. Kabla ya hapo, mtu akivuka geti tulijiona tumemaliza. Baada ya hapo, kama jina la mpokeaji halikuandikwa, daktari wa zamu ndiye aliyempigia mgonjwa kesho yake asubuhi. Wenzangu walilalamika wiki mbili, kisha wakaanza kuhakikisha wenyewe kwamba simu inapokelewa, kwa sababu hakuna aliyetaka kuamka na watu 15 wa kupigia.

La pili, hesabu siku tangu dalili ya kwanza, usihesabu tangu kipimo wala tangu kulazwa. Kwa Korona ile ya mwanzo, hali ilikuwa inageuka kati ya siku ya 5 na ya 10 hivi. Mzee wako alilazwa siku ya 6. Sijui alikaa siku ngapi, lakini nashuku aliruhusiwa akiwa bado ndani ya dirisha lile la hatari. Sisi tulianza kuandika "SIKU YA" kwa maandishi makubwa juu ya kila karatasi. Mhudumu akiona siku ya 8 anajua huyu ni wa leo, akiona siku ya 16 anajua anaweza kusubiri. Janga lijalo litakuwa na dirisha lake. Likijulikana tu, liandikwe juu kabisa, kabla ya jina la dawa yoyote.

La tatu ni ile 94. Namba ya mtu aliyelala kitandani haitoshi. Mtembeze hatua 40, au aamke na kukaa kitini kwa dakika 1, halafu upime tena. Ikishuka kwa 3 au zaidi, huyo si wa kwenda nyumbani bila mtu wa kumwangalia kesho. Uingereza walipoanza kuwafuatilia wagonjwa majumbani kwa vipimo vya kidoleni mwishoni mwa 2020, walitumia mipaka rahisi ambayo hata mtoto wa shule angeweza kuisoma: 95 kwenda juu endelea kupima, 93 au 94 piga simu siku hiyohiyo, 92 kushuka chini ni dharura.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wengi wetu tulichelewa kulijua. Desemba 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vifaa hivyo vya kidoleni vilikosea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Mara nyingi vilisoma juu kuliko ukweli, na upungufu mkubwa wa oksijeni ulipita bila kuonekana karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kwa hiyo ukiona 93 kwa mgonjwa wetu, iogope. Anza naye palepale alipoanzia: namba ya jana na ya leo, inashuka au haishuki. Mwendo wa namba unakuambia mengi kuliko namba moja.

Oksijeni ya majumbani nitaizungumza kidogo, kwa sababu ndiyo iliyotugombanisha na timu nyingine. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, kwa mgonjwa anayetumia lita 5 kwa dakika, unaisha kabla ya saa 23. Ule mdogo wa lita 680 ni saa 2 na robo tu. Kuna aliyempeleka mgonjwa nyumbani na mtungi mmoja mkubwa akaandika "oksijeni ipo". Ipo mpaka kesho mchana. Anayeruhusu afanye hesabu hiyo kwa sauti mbele ya anayepokea, na mtu mmoja awe na kazi ya kurudisha mitungi mitupu. Wimbi la pili tulihangaika kutafuta mitungi huku zaidi ya 20 ikiwa imekaa kwenye nyumba za watu waliokwisha kupona.

---

Muuguzi_Mratibu

Daktari, asante. Hapo kwenye "bado ni wetu" nimesimama nikasoma mara mbili. Alikuwa siku ya 9 alipotoka. Nimekwenda kuangalia kwenye daftari langu sasa hivi.

Nikuulize: wikendi ilikuwaje? Kwetu hoja iliyoua kila kitu ilikuwa "Jumamosi hatuna watu".

---

Daktari_Dharura

Hatukuwa na watu pia. Tulichofanya ni kuigawa: Jumamosi na Jumapili ziara hakuna, simu zipo. Mtu mmoja, simu moja, anawapigia walioruhusiwa tangu Alhamisi ambao wako ndani ya dirisha la hatari. Mara nyingi hawakuzidi 30. Kazi hiyo ilifanywa na watumishi waliokuwa wamewekwa karantini lakini wanajisikia vizuri, wengine wajawazito walioondolewa wodini kwa usalama wao. Walikaa nyumbani na wakaokoa watu.

Usikubali mpango unaohesabu vitanda peke yake. London walijenga hospitali ya dharura ndani ya ukumbi wa maonyesho kwa siku 9, ikafunguliwa tarehe 3 Aprili 2020 ikiwa imepangwa kuweza kufikia vitanda 4,000. Wimbi lile la kwanza ilihudumia wagonjwa 50 na kidogo tu. Vitanda vilikuwepo. Wauguzi wa wagonjwa mahututi hawatengenezwi kwa siku 9.

---

MguuNjia

Mimi ni mhudumu wa majumbani, mmoja wa wanaopiga hodi. Nimesoma habari ya yule mzee nikaweka simu chini kwanza.

Dada mratibu, naomba uandike kwenye huo mpango wako vitu ambavyo walioko ofisini hawavioni.

Namba ya simu kwenye fomu nyingi si ya mgonjwa. Ni ya mtu aliyemleta, au ya zamani, au imeandikwa vibaya kwa haraka. Kati ya karatasi 10 nilizokuwa napewa, mbili au tatu namba haziiti. Sasa muuguzi anayeruhusu apige ile namba palepale mgonjwa akiwa bado kitandani, asikie inaita. Na aandike namba ya mtu wanayelala naye nyumba moja, kwa sababu mgonjwa mwenyewe atakuambia hajambo. Wote wanasema hawajambo. Muulize mke, muulize mjukuu: jana alikwenda chooni mwenyewe? Leo je? Anamaliza sentensi bila kupumzika? Hapo ndipo ukweli unapotoka.

Maelekezo ya nyumba pia. Nimewahi kupewa "karibu na mti mkubwa". Nilizunguka saa nzima nimevaa barakoa, na watu wananiangalia.

Kuna jambo la aibu na hofu. Kikundi chetu cha WhatsApp kilikuwa na watu 60, na majina ya wagonjwa yalikuwa yanatupwa mle na anwani zao. Yakatoka nje. Mama mmoja nilimkuta majirani wamekataa kumchotea maji, watoto wake wamekaa ndani siku 5. Baada ya pale nyumba tatu zilikataa kunifungulia. Orodha moja naiunga mkono kabisa, ila iwe na watu wachache wanaoiona, na kila mmoja aone nyumba zake tu. Mimi sihitaji kujua nani anaumwa ng'ambo ya pili. Na hatukuvaa tena sare njiani, tulivalia mlangoni baada ya kuuliza mwenye nyumba kama anataka tuvalie ndani. Hapo tukaanza kufunguliwa tena.

Jingine linaniuma kuliko Korona yenyewe. Nilikuwa na wagonjwa wangu wa kawaida. Wa dawa za kifua kikuu, wajawazito, wa presha, mtoto mwenye seli mundu. Nilipoambiwa nifuate Korona tu, hawa nikawaacha, na hakuna aliyewachukua. Nilimpoteza mama wa presha niliyekuwa nampima kila mwezi kwa miaka mitatu. Kiharusi. Hakuwa na Korona hata chembe. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuziuliza nchi zaidi ya 100 kati ya Machi na Juni 2020, na asilimia 90 zilisema huduma zao za kawaida zimevurugika. Waliopitia Ebola kule Afrika Magharibi, 2014 mpaka 2016, walikuwa wamekwisha kulisema hili: Ebola yenyewe iliua zaidi ya watu 11,000, na watafiti waliokadiria vifo vya ziada vya malaria, ukimwi na kifua kikuu kwa sababu kliniki zilikwama wakapata idadi inayokaribia hiyohiyo. Wakafa kwa vitu tulivyokuwa na dawa zake.

Kwa hiyo kwenye orodha yako moja waweke na hawa. Usiandike "wagonjwa wa janga". Andika nyumba, na ndani ya nyumba kila mwenye kuhitaji jambo. Nikienda kumpima baba oksijeni, nampima na mama presha, namwachia na mtoto dawa zake za mwezi. Hodi moja.

Na barakoa tupewe. Tulikuwa wa mwisho kupewa, na ndio tuliokuwa tunaingia vyumba visivyo na dirisha.

---

MazoeziTiba

Nitazungumzia upande ambao kila mpango huuweka ukurasa wa mwisho.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Wimbi la kwanza lilipokuja, kitengo chetu cha utengamao kilifungwa, chumba chetu kikageuzwa wodi, na sisi tukatumwa kusaidia kugeuza wagonjwa kifudifudi ili wapumue vizuri zaidi. Kazi ile ilikuwa ya maana, na sijutii. Lakini wiki ya 5 hospitali ilianza kukwama kwa njia isiyotarajiwa. Wagonjwa walikuwa wamepona mapafu na hawawezi kusimama. Mtu aliyelala na mashine ya kupumulia anapoteza msuli kwa kasi ya kutisha. Utafiti uliofanywa kabla ya Korona ulipima msuli wa paja la wagonjwa mahututi ukakuta umepungua karibu asilimia 18 ndani ya siku 10. Sasa mtu huyo unamruhusu aende wapi? Hawezi kufika chooni. Anabaki kitandani siku 12 zaidi, na kitanda chake ndicho yule wa kwenye machela anachokisubiri. Ukumbi wa dharura ulikuwa umejaa kwa sababu mlango wa mwisho ulikuwa umefungwa, nao ulifungwa siku ile sisi tulipoondolewa.

Kwa hiyo, dada mratibu, utengamao hauanzi baada ya ruhusa. Unaanza siku mgonjwa anapoweza kukaa ukingoni mwa kitanda. Tulirudishiwa watu wawili tu kati ya wanane, na hao wawili wakaanza kupita wodini kila asubuhi wakiuliza swali moja kwa kila mgonjwa: ni kitu gani kimoja kinachomzuia huyu asiwe nyumbani leo? Wakati mwingine jibu lilikuwa fimbo ya kutembelea. Kweli kabisa, fimbo. Mtu amekaa siku 4 kwa ajili ya fimbo.

Halafu kuna wale wanaorudi baada ya miezi. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maana ya hali inayobaki baada ya Korona: dalili ambazo kwa kawaida zipo miezi 3 tangu kuugua, zimedumu angalau miezi 2, na hazielezeki kwa ugonjwa mwingine. Uchovu, pumzi fupi, akili kuwa kama ina ukungu. Hawa walikuwa wanazungushwa. Dharura wanawaambia kifua kiko safi, nyumbani wanaambiwa ni wavivu. Nilimpokea mwalimu mmoja aliyekuwa amekwishakwenda sehemu 5 na kote kaambiwa hana kitu. Alilia nilipomwambia ninamwamini.

Na tafadhali asitokee mtu akaandika kwenye mpango "wahimizwe kufanya mazoezi". Mimi mwenyewe nilikosea hapo. Wapo ambao ukiwasukuma leo, kesho kutwa wanaanguka kitandani wiki nzima. Hao wanafundishwa kugawa nguvu zao kwa siku, kupumzika kabla ya kuchoka, kuongeza kidogokidogo na kurudi nyuma mwili ukikataa. Muulize kwanza: ukifanya kazi leo, kesho na kesho kutwa unakuwaje? Jibu lake ndilo linaloamua.

---

Binti_Mkubwa

Mimi si mtumishi wa afya. Niruhusuni niseme.

Nilimuuguza baba nyumbani siku 23. Siku ya kwanza walinipigia watu watatu. Mmoja wa hospitali, mmoja wa majumbani, mmoja alisema ni wa ufuatiliaji. Wote wameuliza jina, umri, dawa anazotumia, lini alianza kukohoa. Wote wameniambia "tutakupigia". Nikajiona niko kwenye mikono salama. Kisha siku 6 hakuna aliyepiga. Kila mmoja, nadhani, alijua wenzake wawili wanapiga.

Usiku wa siku ya 4 baba aliweweseka. Nilikuwa na karatasi yenye namba 7 za simu. Nilikaa sakafuni na ile karatasi natafuta nipige ipi kwanza. Ya kwanza haikupokelewa, ya pili nikaambiwa si huku, ya tatu mtu akaniambia nisubiri mpaka asubuhi. Nilipiga ya nne kwa sababu nilikuwa nalia na sikuwa na la kufanya. Dada aliyepokea aliniambia nimlaze baba kifudifudi, akakaa na mimi kwenye simu mpaka gari lilipofika. Sijui jina lake hadi leo. Baba yupo.

Ningekuwa na namba moja tu, ingenitosha. Namba inayopokelewa usiku. Na mtu anayejua kwamba mimi ni nani kabla sijaanza kueleza upya.

Kitu kingine, nilipewa kipimo cha kidoleni ndani ya kifuko, hakuna aliyenionyesha. Siku mbili za kwanza nilikuwa nasoma namba ya mapigo ya moyo nikidhani ndiyo oksijeni. Ilikuwa 96, nikafurahi.

---

Daktari_Dharura

Binti, asante kwa kuandika. Hilo la kusoma mapigo ya moyo badala ya oksijeni nimelisikia kwa zaidi ya familia moja. Kwetu baadaye tulibandika kipande cha plasta upande wa namba ya mapigo. Na mtu hatoki mpaka yeye au anayemuuguza apime mbele yetu: atulie dakika 5, kidole kiwe na joto, ukucha usiwe na rangi, asubiri namba itulie, asome kwa sauti.

---

Muuguzi_Mratibu

Nimesoma yote. Nimeyasoma jana usiku, leo nimeyasoma tena kazini nikiwa na kalamu.

Rasimu ya nne inaanza hivi. Kila nyumba yenye mgonjwa ina mwenye nayo, jina la mtu, na jina hilo linabadilika tu pale mtu mwingine anaposema amepokea, na saa inaandikwa. Mpaka hapo anayemtoa ndiye anayempigia kesho asubuhi. Nimeiandika kama ulivyoisema, daktari, sikuipamba.

Namba ya simu ya familia ni moja. Anayeipokea usiku anakuwa na orodha mbele yake. Binti, hilo ni lako. Nimepigana nalo kikaoni leo, maana mkuu mmoja alisema kila kitengo tayari kina namba yake. Nikamsomea ulichoandika kuhusu sakafuni, bila kusema kimetoka wapi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza nani atalipia zamu ya usiku. Hapo bado hatujamaliza, lakini swali limehama kutoka "kwa nini" kwenda "nani".

Orodha itakuwa ya nyumba. MguuNjia, hili nalo limeleta ubishi, kwa sababu fomu zote zilizopo ni za ugonjwa mmoja mmoja. Nimeomba tujaribu kwa eneo dogo sasa hivi, hakuna janga, tuone kama mhudumu mmoja anaweza kubeba nyumba 25 za namna hiyo bila kuvunjika. Na wanaoiona orodha ni watatu kwa kila eneo, si 60.

Watu wa utengamao hawataondolewa wote. Nimeandika wasipungue nusu. Mazoezi tiba, nilitaka kuandika "asiondolewe hata mmoja" nikajua kipengele hakitapita, na kikikataliwa chote kinaanguka. Kama nusu ni kosa, niambie kabla ya wiki ijayo.

Na nimeomba zoezi. Ijumaa jioni, saa 12, bila kuwatangazia, tuwaruhusu wagonjwa 10 wa karatasi, majina ya kubuni, tuone Jumapili mchana nani anaweza kuniambia hao 10 wako wapi na wanaendeleaje. Wamekubali. Jina la kwanza kwenye orodha hiyo nimeandika seremala, miaka 61, kisukari, siku ya 9.

MguuNjia, naomba unitumie ukurasa mmoja wa daftari lako ulivyokuwa unaupanga, ukiwa umefuta majina. Nataka fomu mpya ifanane na kile ambacho mkono wako umekwisha kukizoea.

---

MguuNjia

Nitakutumia kesho nikitoka ziarani. Safu zangu ni sita tu: nyumba, nani yuko ndani, siku ya ngapi, namba ya jana, namba ya leo, na nani nimemwambia. Ile ya mwisho niliiongeza mwenyewe, kwa kalamu nyekundu.